Majani Kwanza, Maua Baadaye



Mwaka 2012 watafiti waliingia Rusinga, kisiwa kile cha Homa Bay kilicho ng'ambo tu ya mji wa Mbita, na wazo la ajabu. Walitaka kumtega mbu kwa harufu. Hawakuja na moshi wala dawa ya kupuliza. Walikuja na harufu ya binadamu waliyoitengeneza wenyewe: amonia, asidi ya laktiki ile ya kwenye jasho, na kemikali nyingine chache, zikaloweshwa kwenye vipande vya nailoni na kutiwa ndani ya mtego wenye feni ndogo ya umeme wa jua. Mtego wakauita Suna, yaani mbu kwa Dholuo, ukatundikwa nje ya nyumba. Mbu anapita, anasikia harufu ya mtu, anaifuata, feni inamvuta ndani, basi. Nyumba zaidi ya 4,000 zilifungiwa mitego hiyo, na kwa kuwa paneli ya sola ilikuwa tayari iko juu ya mabati, kila nyumba ikapata na taa na mahali pa kuchajia simu.

Mradi huo uliitwa SolarMal. Uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi pamoja na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi na kampasi kubwa pale Mbita. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Lancet: mbu wa aina ya Anopheles funestus walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 70, na malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 penye mitego kuliko pasipokuwa nayo.

Sasa utaniuliza, mbu na mada ya leo wapi na wapi? Leo nimeombwa nizungumzie popuri, lile bakuli la maua makavu yaliyotiwa mafuta ya manukato ambalo watu huliweka sebuleni au kwenye vyumba vya hoteli. Na kila ninapoitaja mada hii kwa watu wa kando ya ziwa, jibu ni moja: hiyo ni starehe ya wenye nafasi, sisi huku tuna omena, dagaa wetu wa ziwani, wa kuanika. Mimi sikubali. Ukitafuta sehemu ya Kenya ambako harufu imechukuliwa kwa uzito, iwe maabara au nyumbani, Mbita na Rusinga ziko mstari wa mbele. Pale pale icipe ndipo palipokomazwa ile mbinu ya sukuma-vuta: mkulima anapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake inamfukuza nondo wa bua, kisha anazungusha nyasi za nepia pembeni, ambazo harufu yake inamvuta nondo huyo huyo atoke shambani. Yote hayo ni harufu. Mkulima wa Mbita anaendesha shamba kwa kutumia kitu ambacho bwana mmoja wa mjini anakinunua kwenye pakiti ya plastiki akitie kwenye bakuli.

Na hiyo pakiti ya plastiki nayo tuiseme. Ukiinunua supamaketi, mara nyingi unachopata ni vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, maganda ya mbegu za nchi nyingine, na manukato ya kiwandani yanayopiga pua wiki mbili kisha yakafa. Maua hayamo, au yamo mawili matatu ya kuonyesha. Kwa nini kisiwa chenye jua, upepo na majani yanayonukia kila njia kinunue vumbi la namna hiyo?

Kosa la kwanza wanalofanya watu wanaoanza kutengeneza wenyewe ni kudhani kwamba ua linalonukia bichi litanukia kavu. Hapa wapwani watanielewa haraka. Lamu, Mombasa na Unguja wanajua asumini kuliko mtu yeyote: huchumwa jioni likiwa bado kitumba, hutungwa, hufunguka usiku likiwa tayari kichwani au kitandani. Kikuba hufungwa kwa asumini na rihani, na kilua kikipatikana, na vipande vya mkadi, kikavaliwa kifuani. Kufikia asubuhi kimeshamaliza kazi yake. Hakuna bibi wa Lamu anayekianika kikuba ili akitumie mwezi ujao, na ana sababu. Asumini hutoa harufu yake likiwa hai, hata baada ya kuchumwa. Likikauka, linabaki karatasi. Ndiyo maana Wachina wanaotengeneza chai ya asumini huyaweka maua mabichi pamoja na majani ya chai usiku, asubuhi wakayaondoa. Chai imekunywa harufu, ua halina kazi tena. Franjipani, lile ua jeupe lenye moyo wa njano unaloliona kwenye nyua za makanisa na hoteli, tabia yake ni hiyo hiyo. Likianikwa linageuka kahawia na kunyamaza.

Waridi ndilo linalohimili, lakini si kila waridi. Maua tunayoyapeleka Ulaya kutoka Naivasha yamezalishwa yadumu kwenye ndege na kwenye chombo cha maji, na kwa sehemu kubwa harufu ilipotezwa njiani katika uzalishaji huo. Zaidi ya hayo, yamepuliziwa dawa za wadudu. Kama unapita ukaokota yaliyokataliwa ukayaanika, unatia sebuleni kitu usichokijua. Waridi la kutafuta ni lile la zamani la uani, lenye petali nyingi na miiba ya kuudhi, ambalo mama wa nyumba alilipanda kwa kijiti alichopewa na jirani.

Kwa hiyo mwenye kuishi Rusinga aanze na majani. Hilo ndilo neno langu la leo, mengine yote ni maelezo tu. Maua yatoe rangi, majani yatoe harufu. Jani la kivumbasi, au la mrihani, au la mkaratusi, limeweka mafuta yake ndani ya vifuko vidogo mno. Vile vya kivumbasi viko juu ya ngozi ya jani. Vya mkaratusi viko ndani yake, ukiliinua jani juani utaviona kama vidoadoa vya mwanga. Jani likikaushwa polepole, maji yanaondoka na vifuko vinabaki vizima. Vikiguswa miezi baadaye, vinapasuka, harufu inatoka upya. Ua la asumini halina ghala la namna hiyo.

Na majani haya watu wa kisiwani hawahitaji kuonyeshwa na mtu. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowauliza wakazi wa Rusinga na wa sehemu nyingine moja ya magharibi mwa Kenya ni mimea gani wanayoitumia kumfukuza mbu. Wakataja kivumbasi. Wakataja lantana, ambayo kwa Dholuo ni nyabend winy. Wakataja mwarubaini, na lile gugu la mashambani lenye harufu kali ambalo kule Mlima Kenya wanaliita mubangi. Wengine waliyachoma majani, wengine waliyatundika tu ndani ya nyumba. Yule anayetundika tawi la mubangi au la mwarubaini juu ya mlango amefika nusu ya njia ya popuri bila kuliita jina hilo.

Watafiti hawakuishia kuuliza. Walijenga vibanda ndani ya uzio wa wavu, wakaleta mbu, wakapima. Walichokigundua kinanifurahisha kila nikikisoma. Jani likichomwa moja kwa moja juu ya makaa, nguvu yake inapungua. Likiwekwa juu ya bati lililopashwa moto na jiko, likatoa mvuke wake bila kuungua, linafanya kazi vizuri zaidi. Majani ya mkaratusi wa ndimu, ule unaonukia kama ndimu ukiyafikicha majani yake, yaliwafukuza karibu robo tatu ya mbu kwa njia ya bati, na karibu nusu kwa kuchomwa. Kivumbasi kile kikubwa cha kafuri kilifukuza zaidi kidogo ya nusu kwa bati. Wakajaribu kuchanganya mimea miwili miwili, na kuchanganya hakukuongeza nguvu yoyote.

Tuweke hili wazi kabla mtu hajaenda kulitangaza sokoni. Bakuli la popuri lililokaa mezani halipashwi moto, na halitakulinda na malaria. Ukichanganya kivumbasi na mkaratusi unamfurahisha mgeni, mbu hana habari nawe. Lakini popuri ikishachoka, baada ya miezi mitatu au minne, usiitupe. Iweke kwenye kipande cha bati safi juu ya jiko la makaa jioni, mlango ukiwa wazi, uone kama haijabakisha kitu. Hapo ndipo ile iliyotiwa manukato ya kiwandani inapokusaliti: inatoa moshi unaokereketa koo. Na chandarua kishuke vile vile.

Basi tuanike. Kwenye kuanika, wanawake wa Rusinga hawana mwalimu. Omena anayetoka ziwani asubuhi anatandazwa juu ya nyavu, anapinduliwa, anaangaliwa pamoja na wingu, na jua likikubali, jioni yuko ndani ya gunia. Wingu likifanya hila, yule omena wa kuliwa na watu anaishia kwenye chakula cha kuku na bei inaanguka. Anayejua kusoma wingu kwa ajili ya omena anaweza kukausha ua lolote. Abadilishe mambo mawili tu: kivuli mahali pa jua, na umbali.

Kivuli, kwa sababu jua la ziwani linaumeza wekundu wa petali kwa siku mbili tatu na kuyapasha majani hadi mafuta yakaruka hewani. Unachotaka ni joto lisilo na mwanga pamoja na upepo unaopita. Chumba chenye madirisha mawili, au chini ya paa la mabati penye hewa, panafaa sana. Umbali, kwa sababu petali kavu hushika harufu ya jirani, na kama mnaanika omena uani, popuri yako itanukia omena. Hata moshi wa jikoni unaingia. Kuna aliyeniambia ufukweni, huku akicheka, kwamba basi Rusinga nzima haina mahali pa kuanikia ua. Nikamwambia apande mlimani kidogo.

Uchume asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Waridi lichumwe likiwa limefunguka nusu. Majani ya kivumbasi yachumwe na shina, yafungwe vifurushi vyembamba, yatundikwe kichwa chini. Petali zitandazwe safu moja juu ya ungo au kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye fremu, zisilaliane. Kuhusu vyandarua: mwaka 2008 watafiti waliandika jinsi vyandarua vya malaria vinavyotumika kando ya ziwa letu kuanikia samaki na hata kuvulia. Tafadhali, usinifanye nami niwe sababu ya chandarua kingine kushuka kitandani. Ungo unatosha.

Usiku ingiza kila kitu ndani, maana unyevu wa ziwa unarudisha maji yote uliyoyatoa mchana. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa petali ni maji, kwa hiyo usishtuke ukiona beseni limegeuka kikombe. Jani likivunjika kwa mlio ukilikunja, liko tayari. Likipinda kimya kimya, bado. Ukilitia kwenye chupa sasa, wiki ijayo utakuta ukungu wa kijivu na kazi yote imeharibika.

Kisiwa chenyewe, tukiwa kwenye habari za kukausha, kina rekodi isiyovunjwa. Watu wengi wanajua kwamba Mary Leakey alilipata fuvu la Proconsul hapo Rusinga mwaka 1948. Wachache wanajua kwamba majivu ya volkano ya zamani ya Kisingiri yalifunika pia matunda na mbegu za msitu uliokuwapo hapo miaka takriban milioni 18 iliyopita, na zimebaki mawe yenye umbo lake kamili. Maelezo ya mimea hiyo yalichapishwa mwaka 1957. Msitu mnene ulikuwa hapo. Leo ukipanda kilima kile kile unaona vichaka, mawe na nyasi kavu. Kwa hiyo unapochuma, chuma kwa adabu, na ukiweza panda. Mchaichai unaota kwa urahisi ukimwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na kivumbasi kinajiotea chenyewe ukikiachia mbegu.

Lantana ni habari nyingine. Hiyo hata ukiing'oa yote hakuna atakayelia, imevamia malisho, na majani yake ni sumu kwa ini la ng'ombe. Lakini mimi siitii kwenye bakuli. Kwa pua yangu, ikikauka inakaribia mkojo wa paka.

Rangi sasa. Bogonvilia iko kila uani, na ni hazina: ile unayodhani ni petali yake tayari ni kama karatasi, inakauka bila kukunjamana na rangi inakaa. Haina harufu hata chembe, lakini haiidai. Yale maua ya njano ya kando ya barabara yanayofanana na alizeti, maua makech, yanatoa petali nzuri ukiziwahi changa. Usiweke kichwa kizima, kinakaa na maji. Choya iliyokaushwa inaleta wekundu mzito. Maganda ya machungwa na ndimu yakatwe membamba, weupe wa ndani ukwanguliwe, yakauke hadi yawe magumu.

Ukichanganya vyote hivi ukaviacha hivyo, utapata bakuli zuri la wiki moja. Kinachokosekana ni kitu cha kuishika harufu isikimbie. Wafaransa, ambao katika karne ya 17 na ya 18 waliifanya popuri kuwa fahari ya nyumba kubwa na kuitengenezea vyungu vya kauri vyenye vifuniko vya matundu, walitumia sana mzizi wa airisi uliosagwa. Sisi hatuna airisi, na hatuihitaji. Tuna ubani. Kaskazini mwa Kenya, Wajir, Marsabit, Samburu, miti ya ubani na ya manemane inatoa utomvu unaokusanywa na wafugaji na kuuzwa hadi nchi za nje. Nunua ubani wa mawe, uuponde kwenye kinu uwe punje kama za sukari, usiwe unga mtupu. Mizizi ya vetiva, ile nyasi inayopandwa kuzuia udongo usimomonyoke, nayo ikikaushwa na kukatwakatwa ina harufu ya udongo uliopigwa na mvua, na inashika harufu nyingine kwa miezi mingi.

Msandali usiuguse. Msandali wetu wa Afrika Mashariki ulivunwa na mizizi yake hadi serikali ikapiga marufuku uvunaji mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Mtu akikuletea vipande vyake kwa bei ya kutupa, jiulize vimetoka wapi.

Mafuta ndiyo yanayowapotosha wengi. Kuna mafuta ya kunukia yaliyokenekwa kwa mvuke kutoka kwenye mmea wenyewe, na kuna manukato ya kiwandani yaliyovikwa jina la mmea. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi zinahitajika tani 3 hadi 5 za petali. Piga hesabu mwenyewe, kisha utazame ile chupa ndogo ya shilingi 150 iliyoandikwa mafuta ya waridi. Sisemi usiinunue, sema tu ukweli kwa mteja wako. Kwa bei ya mtu wa kawaida, mafuta halisi yanayopatikana ni ya mkaratusi, ya mchaichai na ya karafuu. Ya karafuu yana baraka ya ziada: ni mazito, yanadumu, na yanatoka kwa jirani. Pemba, pale Wawi, kuna kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuloweka majani kwenye mafuta ya nazi au ya kupikia kisha kuyamwagia maua. Mafuta hayo hayapai hewani. Yanakaa, yanachacha, na bakuli lako linanuka kama kikaango cha juzi.

Vipimo vyangu ni hivi, nawe utavibadili. Chukua vikombe vinne vya majani na maua makavu, majani yazidi maua. Tia kiganja cha maganda, karafuu kumi na tano hivi, kijiti cha mdalasini kilichovunjwa. Pembeni, kwenye kikombe, weka vijiko viwili vikubwa vya ubani uliopondwa na vipande vya vetiva, udondoshee hapo matone kumi ya mafuta, ukoroge. Ubani uyanywe mafuta kwanza. Usiyadondoshe moja kwa moja juu ya petali, yataacha madoa na kukimbia. Kisha changanya vyote kwa mkono, polepole, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ijae theluthi mbili tu, uiweke kabatini gizani. Itikise kila baada ya siku mbili tatu. Wiki ya kwanza utadhani umeharibu, kila kitu kinanukia peke yake, karafuu inapiga kelele. Subiri. Ikifika wiki ya nne hadi ya sita, harufu zimepatana.

Kuna jambo moja la adabu nisilisahau. Kile kivumbasi kikubwa kina kafuri nyingi. Kwa mtu wa Rusinga hiyo ni harufu ya nyumba safi, ya kifua kilichofunguka. Kwa Mwislamu kutoka Mombasa au Lamu, kafuri inaweza kumkumbusha maji ya kuoshea maiti. Kama bakuli linakwenda chumba cha wageni, punguza kivumbasi, zidisha mchaichai na maganda ya chungwa. Na popote lilipo, liwe juu, mbali na mikono ya watoto: kafuri ikimezwa na mtoto inaweza kumletea degedege, na mafuta ya mkaratusi si ya kuchezea. Mwenye pumu naye aulizwe kwanza.

Je, kuna pesa? Kuna mfano wa karibu. Huko msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru kilianza kulima kivumbasi hicho hicho cha kafuri badala ya kukichuma msituni, wakasaidiwa na icipe kukikeneka, wakatoa dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini mtambo wa kukeneka ni mali, unataka kuni, maji na fundi. Popuri inataka ungo, chupa na subira ya wiki sita, na ndiyo maana naiona inafaa kikundi cha akina mama kumi ambao tayari wana chama chao na tayari wanajua kuanika.

Wasiiuze kwenye plastiki. Wafinyanzi wa Kijaluo wametengeneza agulu, yaani vyungu, tangu zamani, na chungu kidogo chenye kifuniko cha matundu si kazi ngumu kwa mikono hiyo. Matundu yawe madogo, ili harufu itoke kwa kipimo na vumbi lisiingie, na kifuniko kikae sawasawa. Usiku popuri ifunikwe kwa kitambaa ipumzike. Kwenye karatasi ya maelezo waandike kilichomo, kila kitu, na kama manukato ni ya kiwandani yasemwe. Waandike pia kwamba si dawa ya mbu. Anayenunua akijua hayo atarudi.

Na soko lipo kwenye kalenda. Tamasha la Utamaduni la Rusinga hufanyika Desemba, watu wamerudi nyumbani, hoteli za Mbita na za kisiwani zimejaa, na kila mgeni anatafuta kitu cha kubeba ambacho si omena. Rudi nyuma kwa vidole: wiki sita za kuivisha, wiki mbili za kukausha, na mvua za vuli hazichelewi sana baada ya Septemba. Kwa hiyo uchumaji uanze Agosti, kukiwa bado kukavu. Atakayekumbuka popuri Novemba atakuwa na majani mabichi ndani ya chupa, na wageni wameshapanda matatu.